Sajini Katana na Swali la Asubuhi

Siku niliyoitwa kwenda vitani nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Dada yangu alikuwa aolewe Jumamosi ile, na nyumba yetu ya Mtopanga ilijaa mashangazi na masufuria ya kuazima. Mama aliniona nimefika nazi ya nne akacheka. "Hebu mtazameni mwanajeshi wa serikali! Adui akimuona hivi si atakufa kwa kicheko?" Wenzake wakapiga vigelegele. Ndipo simu ikalia mfukoni. Likizo imekatizwa, niripoti kesho. Niliimaliza ile nazi kwanza, kisha nikawaambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa mwoga. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia neno mwanajeshi hudhani wameshajua hadithi itakavyokwenda.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, ndani ya Somalia, kando ya mji mdogo wa vumbi na miba. Tulikuwa kumi na wawili chini ya Sajini Katana, Mgiriama mfupi mwenye pengo la mbele, ambaye mkewe na bintiye walikaa Changamwe. Mimi aliniita Mswahili. "Mswahili, huku hakuna biriani," alinipokea. "Kuna maharagwe. Ukifumba macho yatakuwa biriani." Nikamjibu kwamba mnazi wa kunywa pia haukuwepo, afande, pole sana. Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku ile nikawa mtu wake.

Kila asubuhi, kabla ya doria, alitupanga mbele ya magari akatuuliza mmoja mmoja swali lile lile: "Unaogopa nini leo?" Ilikuwa lazima kujibu. Koplo Mutua aliogopa nyoka, na hakuona haya kulisema. Mwingine aliota ndoto mbaya. Mwingine hakupenda kimya cha madukani. Sajini hakumcheka mtu. Aliigeuza kila hofu kuwa kazi: anayeogopa paa za nyumba, leo ataangalia paa; anayeogopa njia ya sokoni, tutashuka pale tuipime kwa miguu. Aliyesema haogopi kitu alivuliwa fulana ya kuzuia risasi akaachwa kambini kujaza mapipa ya maji. Zamani, alituambia, aliwahi kuwa na kijana asiyeogopa kitu. Huyo alishuka garini akapiga teke kopo lililokuwa njiani, kumbe bomu. "Sitaki shujaa mimi," alisema. "Nataka mtu mwenye macho."

Macho ninayo. Kiti changu kilikuwa gari la mbele, upande wa kushoto, na Sajini alipanda la nyuma. Mara mbili nilisema naogopa mahali fulani, tukashuka, tukakuta bomu limezikwa. Mara ya pili alinipiga bega, akaniambia mama yangu alizaa mwana.

Kilomita chache kutoka kambini barabara ilipita juu ya kalvati, daraja dogo la saruji, na chini yake mkondo mkavu. Pale alikaa mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, chini ya kibanda cha matambara, na dumu lake la manjano. Hakutupenda, wala hakutuchukia. Tulipopita alitazama pembeni. Miezi mitatu sikuwahi kumkosa.

Alhamisi moja, jioni, tulipokuwa tunarudi kambini, hakuwepo. Kibanda pia hakikuwepo. Hata vijiti vyake vilikuwa vimeng'olewa.

Niliona mimi tu. Wenyeji hawahami hivyo bila kuonywa. Ilikuwa nimwambie Sajini tukifika, lakini tulipofika alikuwa kwenye redio na wakubwa, nami nikajiambia nitasema asubuhi, kwani swali si litaulizwa?

Asubuhi nilijua tunapita njia ile ile. Nilijua pia kwamba nikiitaja kalvati tutashuka kuikagua kwa miguu, na mimi, mwenye macho, ndiye nitakayetangulia. Nilimwona mama yangu akipokea bendera iliyokunjwa, na mashangazi wale wale wamekaa matanga kwenye ule ule uwanja wa harusi. Sajini akanifikia.

"Mswahili, unaogopa nini leo?"

"Siogopi, afande."

Kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina langu.

"Kweli, Athmani?"

"Wallahi, afande."

Nikaapa. Kwa jina la Mungu nikaapa.

Alinitazama. Nadhani alijua nimechoka. Sidhani alijua kingine. "Vua fulana," akasema kwa upole. "Jaza maji, upumzike." Akatafuta wa kukaa kwenye kiti changu, asipate mtu wa ziada. Akapanda mwenyewe, gari la mbele, upande wa kushoto.

Ningeweza kukimbia nikapiga kelele. Magari yalikwenda polepole mpaka langoni. Nilihesabu muda niliokuwa nao, na nimeuhesabu tena mara nyingi tangu hapo.

Nilishika mpira wa maji.

Pipa la kwanza likajaa.

La pili.

Kishindo nilikisikia miguuni kabla ya masikioni. Maji kwenye pipa yakatetemeka. Kisha moshi ukapanda upande wa kalvati, mweusi, na mlinzi wa lango akaanza kuita majina kwenye redio. Aliita jina la Sajini. Akaliita tena. Mpira uliniponyoka, maji yakamwagika buti zangu zikalowa, nikasimama pale pale nalia kama mtoto.

Dereva alipoteza mguu. Sajini Katana alifariki kabla helikopta haijatua. Koplo Mutua, aliyekuwa gari la nyuma, alirudi na damu isiyo yake, akanikumbatia. "Alikaa kwako," aliniambia. "Mungu amekupenda, ndugu yangu." Wote walisema hivyo. Mama naye, nilipompigia simu, alisema hivyo hivyo, akachinja mbuzi wa sadaka.

Nilikwenda mazikoni. Mjane wake, Mama Kadzo, alinishika mikono miwili mbele za watu. "Wewe ndiwe yule wa Mtopanga," alisema. "Alikuwa akinambia, yule kijana ndiye macho yangu." Nikaitikia kwa kichwa. Nililala siku tatu na homa isiyo na jina.

Miaka tisa imepita. Niliacha jeshi, sasa nalinda lango la bohari la mafuta huko huko Changamwe, nafungua na kufunga mbele ya matrela. Kila mwezi nilipita kwa Mama Kadzo na bintiye na kilo mbili za sukari, na kila mwezi walinishukuru. Watu hunena majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku ile ile, pembeni ya pipa. Sijui kama Sajini angepona lau ningesema. Huenda bomu lingetukuta tumeshuka, tukafa sita badala ya mmoja. Hesabu hiyo nimejaribu kuifanya iniokoe. Haikuniokoa. Yeye aliuliza, na mimi nilikuwa na jibu.

Mwezi uliopita nilikwenda mikono mitupu. Mama Kadzo alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Nilimwambia yote: kibanda, dumu la manjano, kiapo changu, mapipa. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye kiapo, ikasimama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza hatimaye.

"Ishirini na miwili."

"Yeye alikuwa na arobaini na mmoja. Kila likizo ikiisha alikuwa akiharisha siku mbili." Aliokota jani akalitupa. "Lakini alikwenda."

Nikaliokota lile jani.

"Mimi sijui nitakwambiaje," alisema. "Nitakwambia siku nikijua. Lakini Kadzo anatoka kazini saa kumi na moja, na yule alikuwa babake. Kaa umngoje. Umwambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikakaa. Nilitamani kuondoka, miguu ikataka kukwepa kama siku ile. Nikaishikilia chini.

Kadzo alikuja na mkoba begani na chapati kwenye gazeti. Sasa ni msichana mkubwa, mwenye pengo lile lile. Aliponiona uso wake ulifunguka, akainama kidogo, kama alivyofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Usiniamkie bado, mwanangu," nilimwambia. "Kaa kwanza."