Udongo wa Saa Saba Mchana

Kama unakula sasa hivi, weka kijiko chini kwanza. Sisemi hivi kukutisha. Kila niliyemsimulia kisa hiki akiwa anakula aliishia kutema, na mmoja alininunia wiki nzima. Yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Sapiwi. Ukitaka kuamini amini, usipotaka basi, lakini usije ukaniambia niliota. Ndoto haikai kwenye meno.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipoolewa na Masunga nilikuja na cherehani yangu, na ndani ya miaka minne nilikuwa nimeshona sare za nusu ya watoto wa kata hii huku mimi mwenyewe sina wa kumvalisha. Mimba ya kwanza ilitoka na miezi sita. Ya pili ilitimia, nikaenda hospitali na begi la nguo nilizoshona kwa mikono yangu, na mtoto akatoka kimya. Presha, waliniambia, kama vile jina la ugonjwa lingenipa mtoto.

Wote wawili walizikwa na wanawake wa ukoo, wakiongozwa na mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Mayu, yaani mama. Kwenye familia hii mtoto ambaye hajalia hana msiba. Hakuna matanga, hakuna kulia, na mama yake haonyeshwi alipozikwa, wanasema akiijua njia ya kaburi, tumbo lake nalo litaijua. Nilikubali. Ningebishana na nani? Nilichofanya ni kuchana kitenge changu cha harusi, chenye maua ya kijani, na kukipinda ukingo kwa sindano ili yule wa pili asizikwe na kitambaa chenye nyuzi zinazoning'inia. Uzi wa kijani ulikuwa umeisha, nikatumia mwekundu. Wakambeba, wakaondoka naye, nikabaki na sindano mkononi.

Sasa mfikirie mwanamke kama huyo akipata mimba ya tatu. Watu walidhani nina furaha. Mimi nilikuwa naenda chooni na kutazama kama kuna damu, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Nguo za mtoto sikushona hata moja. Akicheza tumboni nilipumua, akinyamaza nilianza kumlilia kimoyomoyo. Kliniki Bariadi niliangukia kwa Sista mmoja, mtu wa Kilimanjaro, mpole wa sura lakini mkali wa mdomo. Alinipa vidonge vya presha na vya damu, akanikataza kazi nzito, akaniambia kila siku nilale ubavu wa kushoto nihesabu mateke. Yakifika kumi, niendelee na shughuli zangu. Saa mbili zikipita hayajafika, nisingoje kesho, niende hospitali hata kama ni kwa miguu. Kisha akatazama kucha zangu na kuniambia niache udongo mara moja, una minyoo na unamaliza damu.

Nani alimwambia? Kucha zangu, bila shaka. Wanawake mnajua hamu ile. Udongo wa wajawazito unauzwa gulioni umekatwa vipande, mkavu, unavunjika kwenye meno na kunukia mvua ya kwanza. Nilimwapia Sista kwamba nimeacha, na kweli niliacha, siku kumi nzima. Ndipo yule mama alipokuja.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Mimba ilikuwa na miezi saba, watu wote wako shambani, nami nimelala kwenye mkeka barazani, ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa. Tangu asubuhi nilikuwa nimehesabu mateke matatu tu. Masunga alikuwa ameondoka na pikipiki na simu yangu haikuwa na chaji. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Niliposikia hatua nikafungua macho, nikaona mwanamke mzee amesimama uani na beseni la plastiki kichwani.

"Mwadila, ng'wana wane," alinisalimia kwa Kisukuma, yaani ananiita mwanangu, na mimi simjui.

Alikuwa anatafuna. Nataka ulijue hilo kwanza, kwamba muda wote alikuwa anatafuna, na mabaki yakimdondoka kidevuni, na kuku wetu wakamfuata nyuma wakidonoa kilichoanguka. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, madoa mawili makubwa, inzi wamejaa. Alinuka maziwa yaliyochacha. Nilijisogeza nyuma kwa kinyaa, lakini alishusha beseni, na ndani yake kulikuwa na vipande vya udongo vimepangwa vizuri, nami mate yakanijaa mdomoni. Usinicheke. Ungekuwa wewe yangekujaa pia.

Nikamwambia nimekatazwa. Akachagua kipande kimoja akaniwekea kiganjani.

"Kula," akasema. "Atacheza."

Nilimwambia mtu gani habari za mtoto kunyamaza? Hakuna. Ningejiuliza swali hilo kabla ya kula, leo nisingekuwa na kisa. Kipande kilikuwa laini, tena cha uvuguvugu. Udongo gani una uvuguvugu? Nikakiweka mdomoni, na kabla sijakimaliza mtoto akapiga teke, akafuatisha jingine, yakafika kumi upesi kuliko ninavyokusimulia. Nililia kwa furaha. Nilipofuta macho yule mama alikuwa anatokomea upande wa zizi na kuku nyuma yake.

Kesho yake akaja saa ileile, na keshokutwa. Sikumwambia mtu. Nilikuja kugundua kwamba mtoto hachezi mpaka nile, au labda niliacha kuhesabu kabla ya kula, maana kwa nini nijitese asubuhi nzima wakati saa saba dawa inakuja yenyewe? Siku ya sita nilikwenda kliniki. Sista alisikiliza moyo wa mtoto akasema unapiga vizuri kabisa. Ilikuwa asubuhi, sijala udongo wowote. Maneno ya Sista yaliingia sikio hili yakatokea lile, nikamhimiza Masunga turudi haraka, nisije nikamkosa mama wa udongo.

Siku ya nane niliona anavyoutengeneza. Siku hiyo vipande vilikuwa vimeisha kwenye beseni, kwa hiyo alichuchumaa mbele yangu akaingiza mkono chini ya kitambaa kilichofunika upande mmoja wa beseni, akatoa tope jeusi, akalitia mdomoni. Alitafuna polepole huku ananitazama. Kisha akatema kiganjani, akaviringisha kwa viganja viwili, akanyoosha kwa kidole, akaweka kipande kwenye beseni, kinang'aa mate. Siku nane, ndugu yangu. Siku nane nilikuwa nakula kilichotoka kinywani mwa mtu yule. Na bado, niamini, mate yaliyonijaa mdomoni hayakuwa ya kutapika.

Blauzi yake ilikuwa inadondosha. Nikamwuliza, nadhani ili tu nisitazame beseni, ananyonyesha mtoto wa nani katika umri ule.

"Wako wawili wa kwanza wananyonya vizuri," akasema. "Hawanisumbui."

Aliongea kawaida tu, kama jirani aliyekuangalizia watoto ulipokwenda kisimani. Akanitilia kipande mdomoni kwa vidole vyake, nikauma, na kitu kikanasa kwenye meno. Kilikuwa uzi. Nikauvuta, ukaja na tope, na mwisho wake umefungamana na kijipande cha nguo kilichooza, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Nikakipangusa. Kulikuwa na ua la kijani, na ukingo umepindwa kwa uzi mwekundu. Fundi haukosei mshono wake.

Hapa ndipo watu wote nimewadanganya, hata mume wangu. Huwa nasema nilitema. Ukweli ni kwamba tangu alfajiri ya siku hiyo mtoto hakuwa amecheza hata mara moja. Nilikuwa na mshono wangu mkononi, na udongo wa kaburi la mwanangu mdomoni, na nilijua ni nini. Nilijua kabisa. Nikameza.

Akapiga teke.

Yule mama alilamba dole gumba lake akanifuta midomo, jinsi mama anavyomfuta mtoto aliyemaliza uji. Akajitwika beseni akaondoka.

Mayu alinikuta natapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Nikamwonyesha kile kijipande cha kitenge. Mayu si mtu wa kushtuka, lakini alikaa chini kwenye vumbi palepale akakishika kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza akanitajia mahali. Waliwazika wote wawili kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi, kwa sababu udongo wake ulikuwa laini na wao walikuwa wazee wamechoka, kisha wakafunika kwa miiba. Mita mia moja tu kutoka mkeka wangu. Miaka yote ile nilikuwa napita hapo kufuata kuni.

Alinikataza kwenda, nikaenda. Miiba ya juu haikuguswa. Ila ubavuni, usawa wa goti, kulikuwa na shimo la kupitisha mkono, kingo zake laini na zenye unyevu, kama mdomo. Mle ndani hamkubaki kitu isipokuwa inzi na ile harufu ya maziwa. Mayu alipolitazama alipiga ukelele wa msiba, kwa sauti ya juu, katika nyumba ambayo watoto wale hawana msiba. Watu walikuja mbio kutoka mashambani wakiuliza nani kafa.

Kesho yake Mayu hakwenda kuchuma. Alikaa nami barazani. Saa saba kuku waliinuka wote wakakimbilia uani, nami nikamwona yule mama amesimama mahali pake. Hebu sikia hili: Mayu hakumwona mtu. Aliona kuku wakidonoa ardhi tupu na madoa mawili ya maziwa yakikua kwenye vumbi, na aliyaona vizuri kwa sababu alinishika mkono mpaka akaniumiza.

Yule mama akaninyooshea kipande. Mtoto alikuwa kimya tangu jana yake. Nilifunga mdomo nikabana meno, na hamu, Mungu anisamehe, hamu ilikuwapo vilevile.

"Basi hatacheza tena," akasema.

Unajua kilichoniokoa? Si ushujaa. Ni kinyaa tu. Nilimwona inzi mmoja akitoka kwenye kifua chake akatua juu ya kile kipande, akatembea, akaja akatua mdomoni kwangu. Nikapiga kelele za kumwita Masunga. Aliacha pamba ikimwagika shambani, akanipakia kwenye pikipiki, Mayu nyuma yangu kanikumbatia, na njia yote hadi Bariadi nilikuwa nahesabu. Sikufika hata moja.

Sista ndiye aliyenipokea. Aliweka kile kipimo cha kusikilizia tumboni, akakisogeza, akanyamaza, akakisogeza tena. Ukimya ule nilikuwa naujua, nilishausikia mara mbili. Ndipo ukatokea mlio, dhaifu, wa haraka, unapiga. Sista akasema mtoto yupo lakini amechoka, presha imepanda vibaya, damu imekwisha, na hatutangoja. Wakanipasua saa kumi na moja jioni. Alitoka mtoto wa kike, mdogo wa kubebeka kwa kiganja, akalia. Mayu aliyekuwa nje ya mlango aliisikia sauti hiyo akajibu kwa vigelegele mpaka mlinzi akamtoa.

Sista alinigombeza sana nilipokuwa na nguvu za kugombezwa. Alisema kama ningengoja siku moja zaidi nikijiliwaza kwa teke la baada ya udongo, ningezika wa tatu. Wakanipa dawa ya minyoo. Iliyotoka sikusimulii, ila nesi mwanafunzi aliyeitazama aliomba ruhusa akatoka nje.

Mtoto nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki tano. Kule nyumbani Mayu alifukia shimo kwa mawe, akaita ukoo, akaweka matanga ya siku tatu kwa ajili ya wale wawili. Wazee walinung'unika. Aliwajibu kwamba mtoto asiyeliliwa na mama yake atatafutiwa mama mwingine. Sasa napajua mahali, naenda kupafagia. Yule mama hajarudi, lakini kuku wa nyumbani kwetu hatuli tena, wala mayai yao.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye tumbo na moyo wenye hofu. Mtoto akinyamaza usikubali kuliwazwa na mtu yeyote, mzima wala mfu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ninyi mama wakwe, mwonyesheni mwanamke alipolala mwanawe.

Binti yangu ana miaka mitatu. Ni mzima, mtundu, ana meno mazuri. Nambeba, namwogesha, namshonea magauni mpaka Masunga analalamika, lakini tangu azaliwe sijambusu. Kinywa hiki siwezi kukigusisha kwake. Akininyooshea midomo namgeuzia shavu. Juzi alinishika uso kwa mikono yake miwili, akaniuliza kama mdomo wangu unauma. Nikamwambia ndiyo.