Zamu Aliyempiga Mwenye Nyumba

Habari ya kifo chake ilinifikia kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Marehemu alikuwa Mwislamu, mtoto wa watu waliotoka Maniema, na kwao maiti haisubiri mtu. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, Lubunga. Mke wake ndiye aliyenipigia simu. "Papa, maalimu alituacha jana asubuhi," akasema. "Kifua ilijaa, pumzi ikakatika. Tumekwisha kumuzika." Nikampa pole ile ya kila msiba, mimi ninayeishi kwa maneno. Akaipokea, kisha akaongeza bila hasira yoyote, "Ulisemaka utaandika." Afadhali angenitukana. Basi leo naandika.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua desturi ya safu hii: haimtaji mtu kwa jina. Nimejivunia desturi hiyo kama mtu anavyojivunia kufunga na kusali. Miaka michache iliyopita, saa moja ya asubuhi, nilikuwa ufukweni nikimngojea mgeni. Pirogi ya Lubunga, mtumbwi wa kuvusha watu, ikafika, akashuka mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, kwapani amebana mchoro mkubwa wa mwili wa binadamu uliokunjwa. Hatua ya tatu miguu ikamkataa. Akayumba, akamshika bega mama mmoja muuza samaki, akaomba radhi kwa ulimi mzito. Yule mama akaangua kicheko: "Eh, maalimu! Lotoko na asubuhi hii?" Lotoko ni gongo yetu ya mahindi na muhogo, na hapa ufukweni si jambo la kushangaza. Watu wakacheka, nami nikacheka. Wiki ile ile nikaandika safu kali juu ya walimu wanaoingia darasani wamelewa. Jina sikulitaja. Nilitaja shati jeupe, pirogi ya Lubunga na ule mchoro.

Safu ilipendwa mno. Watu walinisimamisha sokoni kunipongeza, nami nikapokea pongezi kwa unyenyekevu wa uongo. Kumbe mjini mwalimu mwenye mchoro ule alikuwa mmoja tu. Wazazi wakakutana, mkuu wa shule akaitwa, na mwalimu akaondolewa darasani akawekwa kulinda stoo ya chaki. Hakuna aliyemwuliza lolote. Mtu ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, ambaye msikitini walimpisha safu ya mbele, akawa mlevi kwa sababu mimi nilikuwa nimeandika vizuri.

Alikuja kwangu baada ya mwaka hivi, akiegemea fimbo. Ndugu zake walikuwa wamempandisha ndege Bangboka, akaenda kupigwa picha ya kichwa Kinshasa, na sasa alikuwa amerudi na jina la ugonjwa wake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akaomba maji, akaketi, akaomba karatasi na kalamu, kisha akanifundisha kama alivyowafundisha wanafunzi wake. "Papa, banaita ile *sclérose en plaques*. Bon. Mu kichwa ya mutu iko nyuzi, kama za umeme, na kila uzi iko na nguo yake. Na iko bazamu. Bamoja banatembea mu damu, bengine banaikala mulemule mu bongo, banazaliwa mule, banazeekea mule. Kazi yabo ni kuchunga na kufagia. Mududu ikiingia, banaikula. Takataka ikianguka, banaitoa. Alors, bazamu ya kwangu bamekosea. Baliona nguo ya nyuzi, bakasema ni mwizi. Banaikula." Akachora uzi uliochunwa, akauweka mbele yangu. "Ndiyo maana naanguka. Haiko lotoko."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsahihisha Kiswahili. Nikamwambia kwamba zamu ni kipindi cha kazi, mtu mwenyewe huitwa mlinzi. Ni sisi tu huku tunaomwita mlinzi zamu. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Ndiyo, Papa. Mlinzi." Nikamwuliza kwa nini madaktari wasiwaue walinzi hao wote, yaishe. Akatikisa kichwa. Akasema wale waliozaliwa ndani ndio wanaochoma polepole kwa miaka, hata wakati mgonjwa anadhani amepata nafuu. Lakini hao hao ndio wanaofagia mabaki ili nguo ya uzi ipate kuota tena. "Ukimufukuza, nani atafagia?" Wenye elimu bado wanatafuta namna ya kuwatuliza bila kuwamaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia. Akanijibu kwamba kwake yeye kilikuwa kinakula nguo yenyewe.

Alipoinuka kuondoka ndipo aliposema lililomleta. "Papa, andika tu kwamba sikulewa. Hata mustari moja. Batoto yangu banasoma na batoto ya bale bazazi." Nikamwahidi wiki inayofuata. Wiki iliyofuata barabara ya Bengamisa ilikuwa imekatika kwa mvua, nikaandika juu ya barabara. Kisha umeme. Kisha bei ya muhogo. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliogopa kuwaambia watu walionipongeza kwamba tulimcheka mgonjwa. Macho yake yakafifia, kisha koo likashindwa kumeza vizuri, na mke wake akawa anamsomea gazeti kila wiki, akianzia na ukurasa huu. Hayo ameniambia mwenyewe. Alikuwa akifika mwisho wa safu, mumewe anauliza, "Iko?" Naye anajibu, "Haiko. Labda juma ijayo."

Maji yakimwagika hayazoleki, nami sijidanganyi kwamba ukurasa wa leo utamfikia alipo. Ila nimefikiri sana juu ya neno lake, lile nililolisahihisha. Mji wetu umejaa mazamu. Tunalinda shule, tunalinda mabinti, tunalinda dini na heshima ya mtaa, na anayeandika gazetini hujiona mkuu wa walinzi wote. Kazi hiyo ni njema. Bila hiyo takataka zingetufunika. Lakini mlinzi asiyeuliza "Nani wewe?" kabla ya kuinua fimbo ni hatari kwa wa ndani kuliko mwizi. Swali moja pale ufukweni lingetosha. Ningeweza kumshika mkono na kusema, "Maalimu, unaumwa?" Nilikuwa na miguu mizima na nafasi tele, nikachagua kucheka.

Neno lake, basi, lilikuwa sahihi kwa Kiswahili chochote. Zamu ni mlinzi, na zamu ni wakati wa mtu kufanya lililo lake. Ya kwangu ilifika nikaiacha ipite, na anayeisubiri sasa ni mjane na watoto. Mstari aliouomba ni huu. Jina silitaji, kama nilivyozoea. Mlilijua siku ile bila kuambiwa, lijueni na leo: maalimu hakulewa.