Habari Iliyosubiri Pazia

Mume wangu hakujua kupiga ala yoyote. Hakuimba, na akicheza alicheza kama mtu anayekanyaga siafu. Kazi yake ilikuwa kuwapanga wengine. Tangu afariki, mwaka jana, hapa Guangzhou, watu wanamsifu, na sifa nyingi ni za kweli. Ila kuna jambo wanaliruka, nalo ni la mwanamke mmoja wa Tanga na mama yake. Mimi niliyeishi naye miaka arobaini na minane siwezi kuliruka. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mtanivumilia.

Alianza kwa kukata tiketi mlangoni mwa jumba la sinema, Tabora. Zamani zile katikati ya filamu taa ziliwashwa ili mashine ipoe, na watu walikaa wakipiga miluzi. Akamwomba mwenye jumba ampe zile dakika kumi. Siku ya kwanza alimpandisha jukwaani fundi viatu aliyejua kuiga sauti za wakubwa wa maofisini. Siku ya pili, mapacha wawili waliopinda migongo mpaka vichwa vikagusa visigino. Mwezi haukuisha, watu wakawa wanakuja kwa ajili ya yale ya katikati, na filamu ikianza tena wanatoka. Mwenye jumba akamfukuza.

Basi akaanzisha kundi la kwake. Kwetu wakati huo ukitaka ngoma ulikwenda ngomani, ukitaka dansi ulikwenda dansini, na michezo ya kuigiza ilikuwa ya watoto wa shule. Yeye akavitia vyote katika onyesho moja: ngoma, kichekesho, sarakasi, wimbo, mazingaombwe, kichekesho tena, na mwisho dansi ili watu wote wanyanyuke. Kila kipande dakika nane. Alisimama nyuma ya pazia na saa mkononi, na ukizidisha alikuzimia taa. Nimemwona akimzimia taa mwimbaji aliyekuwa anapigiwa makofi. Mwimbaji akatoka analia, yeye akamwambia, "Kesho watarudi kukusikia umalizie." Na kweli walirudi.

Nilijiunga naye nikiwa na miaka kumi na saba, mchezaji wa mstari wa nyuma. Tulikwenda kwa treni na kwa malori, Dodoma, Mwanza, Kigoma, Moshi, tukilala katika madarasa. Baba yangu aliniita mhuni mbele ya watu. Lakini kumbi zilijaa. Kwa miaka kama kumi hivi hapakuwa na kundi lililoweza kusimama karibu na letu, na waliokuja baadaye wote waliiga mpango wake, hata zile dakika nane.

Sasa nieleze kuhusu misiba. Kwetu mtu aliyefiwa hapigiwi simu akaambiwa hivi hivi. Anatafutwa mtu wake wa karibu, mtu mzima, aende akakae naye, amtulize, ndipo amwambie. Katika kundi, mtu huyo alikuwa mume wangu. Telegramu zote zilikuja kwa jina lake. Nayo ikawa sheria yake: habari ya msiba inasubiri pazia lifungwe. Hakuificha sheria hiyo. Ukiandikishwa alikuambia, nawe ukaitikia, maana ukiwa kijana unadhani wa kufiwa ni wengine.

Mama yangu alifariki Kondoa, sisi tuko Mwanza. Telegramu ilifika Ijumaa. Tulikuwa na maonyesho Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mstari wa nyuma ulikuwa na watu sita tu. Niliambiwa Jumapili, viatu vya kuchezea bado viko miguuni. Nilipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Dada zangu hawakunisemesha mwaka mzima. Mtauliza kwa nini baadaye nilikubali kuolewa na mtu yule. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kundi ndilo lilikuwa nyumbani. Jibu jingine sina.

Kisha zikaja video, zikaja televisheni, na kumbi zikageuka kuwa maghala na makanisa. Wachezaji wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki na sanduku la mapazia na kikohozi. Binti yetu alikuwa ameshahamia huku, ana ofisi ya kusafirisha mizigo ghorofa ya juu katika jengo la Tianxiu, akatuchukua wote wawili. Mimi nikapata kazi ya kuwashonea wanawake wa biashara. Yeye akakaa dirishani, anatazama Waafrika na Wachina wakipishana na mabunda, na kila akishuka anarudi na habari: yule Mkongo wa duka la wigi anachekesha, yule Mkenya wa simu anaruka sarakasi, yule binti wa Tanga anayenunua madera ana sauti.

"Una miaka themanini na miwili," nilimwambia.

"Ndiyo maana nina haraka."

Miaka miwili alisumbua watu. Mwishowe mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu ukakubali kutupa ukumbi wa juu, Jumapili, saa nane mchana, kabla ya wateja wa jioni. Nilishona nguo za watu kumi na wanne. Mapambo tulinunua Yide Lu, kwenye maduka ya jumla, mume wangu akibishana na wauza mataji ya karatasi kama vile anaezeka nyumba. Wenyewe walimwita laoban, bosi, naye alipenda sana kuitwa hivyo. Mgongo ulimnyooka. Sijui kama wasomaji wanaelewa ni nini kumwona mtu wako ananyooka mgongo baada ya miaka ishirini. Nayasema haya ili mjue kwa nini nilifanya nilichofanya.

Jumapili ile nilifika ukumbini saa tano asubuhi na nguo mabegani. Beseni la simu lilikuwa limeshajaa. Ilikuwa desturi yake mpya, wasanii wote waweke simu zao katika beseni ili zisilie wakati wa onyesho. Lakini beseni lilipaswa kupitishwa saa nane kasoro robo, na wakati ule ilikuwa saa tano.

Nilimvuta mume wangu pembeni. "Nani kafiwa?"

Akatazama saa yake.

"Nakuuliza, nani?"

"Binti wa Tanga. Mama yake. Kaka yake kanipigia saa mbili."

Huyo binti wa Tanga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa mwisho kwao, na mama yake ndiye aliyekuwa akimlelea watoto wawili ili yeye aweze kuja kununua mzigo. Wimbo wake ndio ulikuwa kilele cha onyesho.

"Wanazika lini?"

"Leo, adhuhuri ya kwao."

"Hawakusema watamsubiri?"

Akageuka kwenda zake. Nikamshika mkono wa koti. Akasema, "Waliniuliza kama anaweza kupanda ndege ya leo saa tisa. Walikuwa tayari kumngoja mpaka kesho alasiri."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia hawezi. Wazike."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kama anamwomba mtoto, "Mke wangu, watu mia mbili wanakuja. Hili ndilo la mwisho. Nitamwambia mwenyewe, pazia likifungwa tu."

Tanga ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwenda uwanja wa ndege ni saa moja kwa teksi. Ningemwita yule mwanamke wakati ule ule, angempigia kaka yake, wangengoja, angepanda ndege, angemzika mama yake. Nilijua hesabu hiyo yote nikiwa nimesimama pale. Wala si kwamba sikuelewa uchungu wake. Katika ukumbi ule mzima hakuna aliyeuelewa kama mimi.

Nikaenda kumvalisha gauni.

"Bibi, kaza!" alisema. "Leo hawa Wakongo watajua sauti inatoka wapi."

"Usipumue basi."

"Nisipopumua nitaimbaje? Bibi unataka kuniua!"

Mkongo wa wigi akapaza sauti kutoka kwenye kioo, "Maman, muache akufe, mimi nitaimba pahali yake!"

"Wewe utaimba nini, sauti kama pampu ya maji?"

Wakacheka wote. Nikiwa na pini mdomoni nilijiambia, ngoja nimalize pindo. Nikamaliza pindo. Wali ukaletwa, nikajiambia, ngoja ale, maana akishajua hatakula. Akala, akanipa kipande cha samaki kwa mkono wake. Nikajiambia tena kitu, sikumbuki ni nini. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Na kila nikiinua macho nilimwona mume wangu katika koti lake la zamani akiwapanga watu, "Wewe hapa, wewe pale, dakika nane," na sauti yake ilikuwa ile ya Tabora.

Saa nane kasoro dakika kumi nilisikia watu wakiburuta viti. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nilimshika binti wa Tanga mkono nikampeleka jikoni, nikamkalisha juu ya magunia ya mchele, nikamwambia. Nilimwambia vizuri, kama inavyotakiwa, kwa jina la Mungu na taratibu. Hakupiga kelele. Alisema, "Simu yangu."

Nilikwenda kuitoa katika beseni. Mume wangu aliniona. Hakunizuia.

Kaka yake alipokea mara moja. Mimi niliisikia sauti yake, jinsi jiko lilivyokuwa kimya, wapishi wamesimama wanatutazama.

"Kaka, nisubirini. Nakuja."

"Unakuja lini?"

"Ndege ya kesho."

"Kesho ufike keshokutwa? Mama ameshaoshwa, ameshakafiniwa, wazee wamekaa hapa. Mbona tulivyoambiwa wewe umesema tuzike?"

"Nani kasema?"

"Huyo mzee wenu. Kasema huwezi kutoka, tuzike. Tumeona kama umeshaamua."

Aliteremsha simu akanitazama. Ukumbini pazia likafunguliwa, ngoma zikaanza. Mume wangu hakulisimamisha onyesho. Alimtoa mwimbaji, akasogeza vichekesho mbele, akamrudisha Mkongo mara mbili, na watu hawakugundua kitu. Sisi tulikaa juu ya magunia saa moja na nusu. Kila baada ya dakika nane makofi, kisha kicheko, kisha makofi. Adhuhuri ya Tanga ilipofika ilikuwa saa kumi na moja na nusu kwetu, watu wameshaondoka, wahudumu wanapanga meza za jioni. Alikuwa bado katika lile gauni. Mume wangu akaja, akavua kofia, akamnyooshea mkono.

"Pole, mwanangu. Hii ni mipango ya Mungu."

Hakuupokea mkono. Alisema, "Wewe ndiye uliyepanga," akageuza uso kwenye ukuta.

Aliondoka kesho yake. Binti yangu ndiye aliyemsindikiza uwanjani, maana mimi hakunitaka ndani ya gari. Watu wa Xiaobei, mtaa wetu, waligawanyika. Wengine walisema mzee amekosea, wengine wakasema hata angeenda mama asingefufuka. Wiki nzima walizungumza zaidi juu ya uzuri wa onyesho, na wengine mpaka leo wanalisimulia. Ndilo hilo wanalotaja wanapomsifu.

Siku ya kumi binti wa Tanga alinitumia ujumbe wa sauti. Tulikuwa tunakunywa chai, mimi na mume wangu, nikabonyeza bila kuweka simu sikioni, tukausikia wote. Nyuma yake watoto walikuwa wanasoma Kurani.

"Bibi, shikamoo. Nimefika salama, nimeshatembelea kaburi. Nina swali moja tu, na naomba unijibu kwa haki. Mzee najua alijua tangu saa mbili ya huko, kaka amenionyesha simu. Wewe ulijua saa ngapi?"

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Mwambie ulijua pale pale ulipomwambia," alisema. "Binti anakupenda. Mwachie hata mtu mmoja."

Nilikaa nikifikiri kama hilo lilikuwa huruma au lilikuwa kazi yake ile ile, ya kupanga mtu ajue nini na lini. Nadhani yalikuwa yote mawili. Alikuwa mzee tayari, kifua kimemwishia, miezi minne tu mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Lakini hakuwahi katika maisha yake kuamini kwamba mtu anaweza kukabidhiwa habari yake mwenyewe.

Nikabonyeza nikasema, "Marahaba, mwanangu. Nilijua saa tano asubuhi. Ndege ilikuwa bado."

Alama mbili za ujumbe wangu zikageuka buluu hapo hapo, ameufungua. Tulingoja. Chai ikapoa.

"Kasema nini?" mume wangu aliuliza.

"Hajasema kitu."

Akauliza tena jioni, na kesho yake, na siku nyingi baada ya hapo, na kila mara nilimjibu hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.