Tai Niliowaua Nikiwahesabu

Wa kwanza nilimkuta karibu na kichuguu, kabla jua halijatoka. Nilidhani ni gunia lililopeperushwa na upepo wa usiku. Nilipomgeuza kwa mguu, bawa likafunguka lenyewe, refu kama mkeka, nami nikarudi nyuma nikaanguka kwenye matope. Alikuwa tai. Jicho lilikuwa wazi. Mdomoni alikuwa amegandiwa na mabawa ya kumbikumbi, yale membamba, kama maganda ya vitunguu.

Nilikaa pale chini, matope yakinilowesha suruali. Sikuhitaji mtu wa kunieleza ni nini kilichomuua.

Shamba langu liko juu ya kilima nyuma ya soko la Muthara, na kutoka pale upande wa kaskazini uko wazi kabisa. Ndiyo sababu mwalimu wa kike anayefundisha shule ya sekondari alikuja kuniomba nafasi. Yeye na wenzake wachache hujitolea kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza, kuhesabu tai, mwewe na kozi wanaokimbia baridi ya nchi za mbali. Nilimkubalia, kisha nikajiunga nao. Wao walikuwa na darubini. Mimi nilikuwa na mkebe na maharagwe: kila ndege kumi, haragwe moja. Mwalimu alisema hesabu yangu haikupishana sana na yao, na kwa sababu ya neno hilo nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Mke wangu hakupenda. Kwetu, kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema wapo. Ng'ombe hali kadhalika. Mama yangu alikufa bila kutaja idadi yetu. Jirani yangu, mzee wa rika langu, alikuwa akipita pale na kutuambia, "Endeleeni kuwahesabu. Mtaona." Nilimcheka. Nilimwambia mimi nimefika kidato cha nne.

Mwaka wa tatu mchwa walikula miche yangu ya makadamia, karibu yote. Nilienda kwa muuza dawa nikanunua chupa. Aliniambia nipime kifuniko kimoja kwa ndoo. Nilitia vitatu, nikamwaga ndoo baada ya ndoo ndani ya kichuguu, na sikumwambia mtu. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha, na kumbikumbi wakatoka jioni, wengi, wengine wakitambaa tu bila nguvu ya kuruka. Tai wakashuka.

Mimi nilikuwa najua tai anakula nyama. Misimu miwili nilikuwa nimewahesabu na sikuwahi kuuliza wanakula nini wakiwa safarini.

Asubuhi ile nilipata wanne. Niliwazika kwenye migomba kwa jembe, haraka, nikatandaza majani juu. Kisha nikanawa mikono, nikachukua mkebe wangu na kukaa mahali pangu kama kawaida. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko dawa yenyewe.

Mwalimu na wenzake walikuwa hawajamaliza kufungua viti, yule jirani mzee alipopanda kilima akiburuta tai watatu kwa miguu. Aliwaokota chini kule, njia ya kwenda mtoni. Nyuma yake kulikuwa na watu kama ishirini.

"Haya," alisema, akiwatupa mbele ya mwalimu. "Hesabu hawa sasa. Hawatakusumbua kwa kuruka."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisema leo ni ndege, kesho itakuwa ng'ombe, na kesho kutwa watoto. Mwingine akasema wageni waondoke na vitabu vyao na wasirudi. Mwalimu alipiga magoti, akafungua mdomo wa tai mmoja, akanusa.

"Hii ni sumu," alisema. "Kuna mtu ametumia dawa karibu hapa?"

Nilishika mkebe kwa nguvu maharagwe yasilie.

"Sumu ni hiyo kalamu yako," jirani akasema.

Mwalimu aliinuka na kuanza kukunja viti. Misimu yote ile, na kilima kilikuwa kinamponyoka mbele ya macho yangu. Kisha akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mzee. Nimekuletea balaa shambani mwako."

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisikia tu sauti yangu.

"Ni mimi. Nilitia dawa kwenye kichuguu. Vifuniko vitatu."

Jirani alinigeukia. "Kidato cha nne," alisema, "na unashindwa kusoma chupa."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya wote. Aligeuka na kuteremka kwenda kufungia kuku wasije wakala kumbikumbi, mbio, na nikaelewa kwamba hata kuku sikuwa nimewafikiria.

Mwalimu alitoa daftari kwa hasira. "Ni hawa watatu tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Niliwapeleka kwenye migomba. Niliondoa majani na udongo kwa mikono, nikawatoa tai mmoja baada ya mwingine, watu wakitazama. Alipomaliza kutazama alinipa kalamu na kusema, "Andika wewe." Nikaandika saba.

Mwalimu na wenzake hawakufukuzwa. Jirani mwenyewe ndiye aliyesaidia kurudisha viti, akinung'unika.

Lakini sumu ilikuwa bado ardhini, na kumbikumbi walikuwa bado wanatoka. Tulifunika kichuguu kwa turubai na udongo, nao wakapata njia pembeni. Kwa hiyo wiki ile yote wenzangu walihesabu juu ya kilima bila mimi. Mimi nilikaa chini, kando ya kichuguu, na debe na fimbo, toka alfajiri hadi giza. Kila tai aliyeshuka nilimpigia debe hadi akaondoka, akiwa na njaa.