Kisu Nilichomkatalia Mzee Salimu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliposimama mbele ya watu arobaini wenye njaa, sinia za pilau zikifuka moshi mbele yao, nikawaambia wasile. Karamu ilikuwa yangu na kosa lilikuwa langu. Kaa nikueleze, maana nakuona unapenda kushika kila jambo peke yako, na ugonjwa huo naufahamu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimemaliza sekondari, karani katika duka la jumla la nguo Kariakoo. Nilitoka Kilimanjaro, nikapanga chumba Msimbazi kwa Bi Zuhura, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko Jangwani. Vijana wa mtaa tulikuwa na chama chetu kidogo cha kusoma magazeti na kubishana habari za dunia. Mwenyekiti wetu alikuwa Kasimu, fundi cherehani, hodari wa maneno kuliko sindano. Mimi nilikuwa mwanachama, lakini sikuwa mtu wa mtaa bado. Kasimu alipenda kuniambia, "Wewe Mchaga mkono wa birika. Kwenye chai yako hata sisimizi hapotezi muda." Watu wakicheka, nami nikicheka, ila moyoni iliniuma.

Basi tukasikia kwamba Mzee Haidari amekuja kumtembelea dada yake mtaani kwetu. Alikuwa mzaliwa wa Ngazija, aliyekaa ng'ambo miaka mingi katika kazi ya ubalozi. Alianza ukarani, akawa mkalimani, akaishia kuwa msaidizi wa balozi. Tulitamani atuzungumzie mambo ya nchi za nje, maana wakati ule nchi yetu ilikuwa ikitafuta namna ya kusema mbele ya mataifa. Mkutano wa hadhara ulitaka kibali. Kumwalika mzee wa watu chakula cha mchana hakukutaka kibali cha mtu. Kasimu akauliza, "Nani atafadhili hiyo karamu?" Nikanyanyua mkono kabla hajafunga mdomo.

"Yote?"

"Yote. Mchele, mbuzi, mpaka maji ya kunawa."

"Jamani, mshikeni," akasema Kasimu, "ana homa huyu!"

Kesho yake Mzee Salimu akabisha hodi. Alikuwa jirani yangu, mwenye asili ya Uarabuni, muuza tende na viungo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una mgeni. Siku ikifika niite, nije nikuchinjie."

Elewa hapa, mwanangu. Mtaani kwetu, karamu iwe ya nani, kisu alishika Mwislamu, ili asibaki mtu wa kutazama wenzake wakila. Sisi Wakristo tulilijua hilo na hatukuona tabu. Hata mimi nililijua. Lakini kwetu mlimani mwenye mgeni humchinjia kwa mkono wake na kumkatia kidari. Ndivyo baba alivyonifundisha. Na nikueleze ukweli wote: niliogopa isije ikasemwa kwamba karamu ni ya Mzee Salimu. Nikamjibu, "Nashukuru mzee, nimejitosheleza." Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Asubuhi ya siku yenyewe nikachinja mbuzi watatu, mimi na Ndesario, mwenzangu wa nyumbani Kilimanjaro. Nilipompelekea Bi Zuhura nyama aipike, aliuliza, "Kachinja nani?" Nikasema, "Nyama safi, mama, ya asubuhi hii." Sikusema uongo. Nilifanya lililo baya zaidi, nikajibu swali ambalo hakuniuliza, naye akaniamini, akaitia nyama yote kwenye mchele.

Baada ya sala ya adhuhuri ua wa Bi Zuhura ukajaa. Mzee Haidari aliingia na kanzu nyeupe na koti la kijivu, mwembamba, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Nikamnawisha mikono mwenyewe. Kasimu akaninong'oneza, "Mangi, leo umetuweza!" Neno hilo, cheo cha chifu kwetu Uchagani, nililingoja miaka miwili. Nililipata, lakini sikulifurahia, kwa kuwa nilikuwa nikiutazama mkono wa yule mzee ukienda kwenye sinia.

Nikamwambia Ndesario kwa sauti ya chini, "Lazima niseme."

"Nyamaza wewe. Kitoweo hakina mdomo."

Kweli, kitoweo hakina mdomo. Lakini mimi ninao. Nikasimama.

"Wazee wangu, ndugu zangu, msile. Hawa mbuzi nimewachinja mimi. Bi Zuhura hana habari."

Mzee Haidari alirudisha mkono taratibu. Kisha Bi Zuhura akapiga kelele kutoka jikoni, "Mtoto wewe! Pilau yangu yote!" Kasimu akashika kichwa. Mmoja akaanza kutafuta viatu vyake, wa pili akamfuata, nami nikajua kwamba wakitoka wale wawili, ua mzima utatoka.

Mzee Salimu akainuka. Sikujua hata kama angekuja. Nilikuwa sijamwalika kwa kinywa changu. Akasema, "Nilikuja mlangoni kwako kukupa kisu tu. Wewe ukadhani nataka jina." Maneno hayo hayakuwa marefu, lakini nayasikia mpaka leo. Halafu akawageukia watu. "Kaeni! Mgeni wa huyu ni mgeni wa Msimbazi. Saa hizi hakuna nyumba isiyo na chungu motoni. Kila mtu na alete alichopika!"

Mwanangu, ungeona! Wali wa nazi ukaingia, samaki wa kupaka, kunde, mchicha, maharage, ndizi za nazi. Wamama waliokuwa hawajaalikwa waliingia na masinia vichwani, wakakaa papo hapo kusikiliza. Bi Zuhura alipita akinisukuma kwa kiwiko, "Pisha, mfadhili." Mwisho wake chakula kilizidi kile cha kwanza.

Mzee Haidari hakungoja vyakula vifike vyote. Alianza kuzungumza mikono ikiwa bado na maji. Akasema, "Nimekaa kwenye meza za wakubwa. Mjumbe anaweza kunyamaza, hiyo ni kazi yake. Lakini akimwacha mwenzake ale asichokijua, siku ya pili hana mtu wa kusema naye. Kijana huyu ameianza hotuba yangu kabla yangu."

Kasimu akamuuliza nchi ndogo inasemaje na nchi kubwa. Mzee akacheka. "Haiendi peke yake. Kwanza hubisha hodi kwa jirani, ndipo huenda wawili." Watu wakapiga makofi mpaka wapita njia wakajazana kibarazani. Alizungumza hadi alasiri, na alipomaliza alichukua birika, akaninawisha mimi mikono, mbele ya wote. Kasimu hakukosa la kusema: "Haya, birika limemwaga!" Ua wote ukacheka, na safari ile nilicheka kwelikweli.

Pilau ile tuliila Magomeni na wenzetu wa Kilimanjaro, Ndesario akinisimanga kila tonge. Na karamu iliyofuata, kisu alishika Mzee Salimu. Hata ya harusi yangu.

Watu husimulia ushujaa wangu wa siku ile. Mimi huona haya, kwa sababu nilingoja mpaka mkono wa mgeni ukawa juu ya sinia, na Bi Zuhura akaaibika mbele ya mtaa kwa jambo asilolijua. Nilimwomba radhi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyojisamehe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Jirani akikuletea mkono, usiupime kana kwamba anakuja kukunyang'anya. Wageni wapokee kwa heshima ya kwao, si ya kwenu peke yake. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Na ukikosa, sema mwenyewe, mapema kuliko nilivyosema mimi, kwa maana mficha uchi hazai.

Mungu akujalie majirani wasiochoka kubisha hodi, akupe na wepesi wa kufungua. Na siku utakayokosea, akupe miguu ya kusimama kabla ya tonge la kwanza.