Kibodi ya Bwana Makufuli

"Kibodi haikatiki yenyewe," alisema Makufuli, na kidole amekisimamisha karibu na pua ya Mama Mapacha, mchapaji wake. "Si ng'ombe kwamba itachoka. Kuna mkono wa mtu humu ndani."

Mama Mapacha akamjibu kwamba mikono iliyomo humu ndani ni minne, miwili yake na miwili yangu, na yangu iko kwenye mashine ya fotokopi tangu asubuhi, kwa hiyo kama anamtaja mtu, amtaje. Makufuli hakumtaja. Wanaume wa aina yake hawataji. Wanarusha jiwe kichakani halafu wanasikiliza nani atalia. Alisema tu kwamba amevumilia wiki sita zimetosha, na kwamba kibodi ikikatika tena mbele ya mteja, Mama Mapacha afungashe virago. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Makufuli namjua nje ndani. Amemuoa mdogo wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na duka hili la kuchapa barua na kutoa nakala ni lake. Jina la Makufuli hakupewa na wazazi, alilitolea jasho. Funguo ishirini na kitu ananing'iniza kiunoni, unasikia anakuja kabla hujamwona, kama mbuzi mwenye kengele. Stepla ameifunga mnyororo kwenye meza. Kalamu ya wateja ina kamba fupi, mtu mrefu husaini ameinama kama aliyedondosha sindano. Karatasi ya chooni anatembea nayo mfukoni. Ukibanwa unakwenda kuomba, naye anakukatia huku anakutazama usoni, anakadiria. Nyumbani jokofu lina kufuli. Mdogo wangu, mke wa ndoa, akitaka maji baridi anaomba ufunguo.

Watu humwonea huruma wakisikia alikotoka. Ujanani alikuwa mtunza stoo. Siku moja ikapotea mifuko kumi na miwili ya saruji. Meneja akatazama huku na huku, akaona aliye karibu ni yeye, akamfukuza bila kumsikiliza. Miaka ikapita, mwizi akajulikana, kumbe ni meneja mwenyewe, lakini nani atamrudishia mtu ujana wake? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndivyo wasemavyo. Sawa, na ashtuke. Ila huyu hakuishia kushtuka. Naye akaota meno, na huku bado analalamika kuhusu unyasi. Mtu aliyeonewa ndiye angejua kuonewa kunavyouma. Makufuli alichotoka nacho kule stoo ni namna ya kuonea tu, na somo hilo alilifaulu.

Aliponunua kompyuta, kitu cha kwanza alimwita fundi wa kuchomelea. Akatengenezewa kizimba cha wavu mzito wa chuma, matundu yake hata kidole hakipiti, kikafungwa kwa bolti sakafuni chini ya meza, na lile boksi la kompyuta likatiwa humo kama mfungwa wa maisha. Nyuma fundi aliacha upenyo mmoja wa nyaya. Waya wa umeme, wa kioo, wa printa na wa kipanya zikaujaza, wa kibodi ukakosa nafasi. Fundi akataka hela kidogo autanue. Makufuli akakataa katakata, akaenda kununua kibodi isiyo na waya kwa bei mara nne ya hiyo, akaja nayo anatamba kwamba waya ni mambo ya kizamani.

Kibodi hizo zina kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Unakichomeka nyuma ya kompyuta, nacho hupokea kila herufi unayobonyeza. Kikachomekwa, kizimba kikafungwa kufuli mbili, funguo zikarudi kiunoni.

Tangu siku hiyo vituko vikaanza. Mama Mapacha anachapa kwa vidole kumi bila kutazama chini, kasi yake unaisikia mlangoni kama mvua juu ya bati. Basi mvua inanyesha, mara kimya. Anabonyeza, kioo hakiandiki. Baada ya dakika mbili herufi zinarudi, au zinarudi pungufu, "mheshimiwa" anatoka "mhshma". Mteja anakohoa. Bosi anapigiwa simu. Anakuja na kengele zake, anapiga magoti, anafungua kizimba atazame kama kuna kilichochomoka, anabonyeza kwa kidole kimoja, na kibodi inaandika kama haijawahi kuugua. Anasimama anajipangusa magoti, anauliza mbona yeye ikimwona inafanya kazi.

Walijaribu kila dawa. Betri zilibadilishwa mara tatu. Kompyuta ikazimwa na kuwashwa mpaka ikachoka. Akaletwa fundi wa kompyuta, kijana wa mkoba mkubwa kuliko ujuzi wake. Akafunguliwa kizimba, akahamisha kidude kutoka tundu hili kwenda lile, akaingia kwenye mipangilio akaizuia kompyuta isilale, akachapa sentensi tatu, zote zikatoka safi. Akakata shauri kwamba kibodi ni nzima, tatizo labda ni mtumiaji.

Mtumiaji! Neno hilo Makufuli alilidaka kama mpira. Akaamua kwamba muda unaopotea ni deni la Mama Mapacha na lazima aulipe: kila Jumamosi, wengine tukifunga saa saba mchana, yeye abaki mpaka saa kumi na moja. Alibaki Jumamosi tano. Mapacha wake wana miaka minne; bibi yao aliwaleta wakaketi kizingitini wakimngoja mama yao amalize kulipia kosa la betri. Nilimwambia shemeji kwamba hilo si sawa. Akaniambia, "Shem, wewe toa nakala."

Sasa, baada ya ule ugomvi wa Alhamisi, Makufuli akapata wazo. Akili yake ilimwambia kuna mtu anapenyeza kitu kwenye matundu ya wavu, waya wa mwavuli au kijiti, anakigusa kidude makusudi. Dawa ni kuziba. Ijumaa asubuhi fundi wa kuchomelea akaja, akapima, akang'oa mlango wa kizimba akaondoka nao. Asubuhi ile Mama Mapacha alichapa kurasa kumi na tisa bila herufi moja kuanguka. Saa tisa fundi akarudi na mabati, akaziba pande zote, akarudisha mlango. Makufuli akafunga kufuli, akaenda zake. Kibodi haikukatika safari hii. Ilikufa.

Mama Mapacha alikitazama kile kizimba muda mrefu. Hakupiga simu. Akafunika kibodi, akaaga.

Jumamosi saa mbili asubuhi akaingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mzito wa miwani, na karatasi za mtihani zilizoandikwa kwa mkono. Alizitaka kabla ya saa sita. Makufuli naye alikuwepo, amevuta kiti, amekunja mikono. Alikuja kushuhudia.

Mama Mapacha akabonyeza. Kioo cheupe.

"Mwalimu, wewe ni shahidi," Makufuli akasema. "Huyu nimemvumilia sana. Dada, chukua mkoba wako."

"Nitauchukua," Mama Mapacha akasema. "Kwanza fungua kizimba."

Akafungua, kwa madaha ya mtu aliyeshinda. Mama Mapacha akaandika mstari mzima, ukatoka.

"Umeona? Mimi nikiwepo..."

"Sasa funga. Halafu njoo ubonyeze wewe mwenyewe."

Akafunga. Akaleta kile kidole chake. Akabonyeza herufi moja, akabonyeza nyingine, akabonyeza kwa nguvu kama anayeua kunguni. Hakuna kitu.

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Hebu rudia," akasema, kwa ile sauti ya walimu. Makufuli akafungua: herufi. Akafunga: kimya. Akafungua. Akafunga. Mara nne shemeji yangu alipiga magoti na kuinuka, funguo zinalia, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo nikiwa kazini.

"Baba," mwalimu akasema, "umekitia kidude ndani ya sufuria ukafunika, halafu unamfukuza mtu kwa sababu hakisikii?"

Makufuli akasema kosa ni la fundi wa kuchomelea. Akasema kosa ni la yule wa mkoba. Akatazama mabati, pengine akitafuta kama nayo yana jina la kutajwa.

"Nimekaa hapa Jumamosi tano," Mama Mapacha akasema. "Saa nne kila moja. Ni saa ishirini, bosi. Sitaki hela, nazitaka zenyewe."

Makufuli akaanza kumumunya maneno, kwamba mwezi ujao, kwamba wataangalia. Mwalimu mkuu akavaa miwani tena akamtazama. Basi akakubali.

Mitihani ilichapwa kizimba kikiwa wazi, Makufuli amekaa sakafuni kukilinda. Jumatatu fundi akaitwa autanue ule upenyo, na kibodi ya waya ikanunuliwa, ile ya bei ya chini kabisa.

Jumanne Mama Mapacha akakaa nyumbani na wanawe. Jumatano vilevile. Makufuli akachapa yeye. Barua ya ukurasa mmoja ilimchukua saa moja na nusu. Foleni ya wateja ikafika mpaka nje, na mmoja akamuuliza kwa upole kama hiyo kibodi ina tatizo. Alhamisi saa sita mchana saa ishirini zikatimia. Mama Mapacha akaingia, akatundika mkoba wake msumarini, akasimama kando ya meza. Makufuli alikuwa katikati ya neno. Akaliacha hapo hapo, akanyanyuka, akampisha kiti.