Ukuta wa Silima Mabaka

Mtambile nzima ilijua kuwa Silima Duni si mtu wa kutulia. Baada ya Mapinduzi, Serikali ilipojenga majumba ya ghorofa kule Chake, yeye alikuwa akipaka milango, na mabaki ya rangi aliyopewa akaja nayo nyumbani. Akaanza kupaka ukuta wake wa mbele, unaotazama barabara. Hakuchora ua wala nyumba wala chochote chenye jina. Alipaka rangi tupu: bamba la kijani, juu yake jekundu, pembeni weusi wa karafuu iliyokwisha kukauka. Wachoraji wa kwingine siwajui mimi, lakini Mtambile hakuna aliyemtangulia kwa wazimu huo.

Watu wakamwita Silima Mabaka. Wengine wakampelekea Shehe mashitaka, naye akaja, akautazama ukuta weee, akasema, "Hamna kiumbe hapa, hamna roho. Mwacheni ntu na rangi zake."

Aliyekereka hasa ni mkewe, Bi Mwatima. Mume anaacha tonge mkononi, anainuka kwenda kuongeza tone moja! Na kila Idd ikikaribia, nyumba zikipakwa chokaa, Silima naye huufuta ukuta mzima akaanza upya, kwa kuwa haukumridhisha. Ilikuwa hivyo miaka ishirini. Mwatima alipopita hapo aliharakisha, uso chini, kwa haya.

Mwisho wa Rajab Silima akarudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaenda kuosha brashi.

"Huu basi, Mwatima," alisema. "Huu usifutwe."

Siku ya nane akafariki.

Mwatima akakaa eda, miezi minne na siku kumi, mlango wa mbele haufikii. Moyo haukumtulia. Alivuta tasbihi akapotea hesabu, akaanza tena, akapotea tena. Wosia ule hakumwambia mtu. Aliona haya hata kuutaja.

Siku mbili kabla ya Idd akasikia brashi ikipita ukutani kwa nje. Akakurupuka mpaka dirishani.

"Nani huyo?"

"Mie Hamad, dada," nduguye akajibu kwa furaha. "Nyumba ya mfiwa haiachwi na madoa siku ya Idd. N'shafika usawa wa mlango."

"Acha! Acha, Hamad, nakuapia! Marehemu kausia usifutwe!"

Brashi ikanyamaza.

"Mbona hukusema, dada?"

"Kumebaki nini?" Mwatima akauliza.

"Kumebaki... rangi rangi tu."

"Ile nyekundu ipo?"

"Nyekundu ipo kidogo. Kwani ilikuwa wapi?"

Mwatima alifungua kinywa, akakifunga.

Idd ilipofika akawauliza wote waliokuja kumpa mkono ukuta ulikuwaje. Kila mmoja alianza kueleza, akapungapunga mkono hewani, kisha akaishiwa na maneno. Wataeleza nini, na kitu chenyewe hakina jina? Eda nayo ilibaki zaidi ya miezi miwili, wala hakuweza kutoka akajionee kilichobaki.

Wageni walipoondoka akaketi kitandani, akafumba macho, akautafuta ukuta ule kichwani mwake. Aliona vumbi la barabara. Aliona miguu yake mwenyewe ikienda mbio. Akalia sana, kuliko alivyolia siku ya maziko, maana miaka ishirini yote hakuwahi kuuangalia.